Cherehani Iliyokwenda Likoni

Kyalo alikuwa amevimba mdomo wa chini, na Sajini Kanze alipomwona vile akatafuta wa kugombana naye. Hakumpata, akaupiga teke mlango wa selo.

"Nani kakupiga?"

"Nilianguka, afande."

"Ukaangukia nini?"

"Ngumi. Ya mume wa mgonjwa. Alinipata pale geti la kliniki kabla nyinyi mfike."

Kanze akavuta kiti, akakaa. Mwanamke mfupi huyu, wa Kaloleni, mpelelezi pale Kisauni, na akikasirika sauti yake inashuka badala ya kupanda. Wanaomjua huwa wanaomba ipande. Asubuhi hiyo ilikuwa imeshuka mpaka unainama kuisikia.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna mwanamke wa Mtopanga anaitwa Nusaiba. Dada yake, Barke, alikufa na saratani ya titi akiwa bado kijana kabisa. Nusaiba akaogopa, akaenda kupima damu kwenye kliniki moja ya Nyali, zile za vioo na maua ya plastiki. Daktari Mohdhar akamwambia ana kasoro ya kurithi, ile ile ya dada yake. Akamkata matiti yote mawili. Mwanamke mzima, hana uvimbe hata wa punje ya mtama! Halafu maabara ya Changamwe ikapima kipande cha nyama cha marehemu Barke, na majibu yakaja tofauti. Hayakuoana na ya Nusaiba hata kidogo. Mumewe Nusaiba, Mahfudh, akaja juu. Daktari naye hakupoteza muda, akakimbilia polisi: huyu Kyalo, kijana wa pikipiki anayepeleka sampuli maabara, ndiye kabadilisha ya marehemu, mshikeni. Majibu ya Nusaiba, anasema, hayana shida.

Na kwa sababu "hayana shida", leo baada ya adhuhuri Nusaiba anarudi thieta. Anatolewa vifuko vya mayai. Miaka thelathini na moja, hajazaa hata mmoja.

Yaani Kyalo akiwa na hatia, Nusaiba hazai maisha yake yote.

"Daktari amesema kwenye taarifa yake ulibadilisha chupa ya damu," Kanze akasema. "Uliibadilisha wapi?"

"Chupa gani?"

"Usinichezee."

"Manze, afande, mimi sijacheza. Kila mtu ananiuliza damu, damu. Mimi sikubeba damu hiyo siku."

Kanze akanyanyua macho.

"Nilibeba kitu kama mshumaa. Kipande kidogo hivi, ndani ya kikebe cha plastiki. Nikauliza yule jamaa wa stoo ya hospitali, hii ni nini, tunaenda kuombea mtu? Akaniambia ni nyama ya yule marehemu, waliitoa siku alipopasuliwa wakaigandisha kwenye nta. Ndiyo inawekwa miaka na miaka bila kuoza."

"Ulisimama njiani?"

"Makupa. Nikala mahamri na mbaazi. Hiyo nakubali. Nishtakini na mahamri."

Konstebo aliyekuwa mlangoni akacheka. Kanze hakucheka, lakini aliliandama lile jambo kama paka. Daktari anasema chupa ya damu. Kijana anasema nta. Mmoja wao hakuiona sampuli kwa macho yake, na aliyekula mahamri nayo iko kwenye sanduku la pikipiki aliiona.

Akatoka uani, akampigia simu Janice, mtaalamu wa maabara ya Changamwe.

"Kile kipande cha Barke kilikuja kama nini?"

"Nta," Janice akasema papo hapo. "Na namba yake imekwaruzwa kwenye nta yenyewe. Huwezi kuibandua ukabandika nyingine. Nilimwambia daktari kwamba hakijabadilishwa. Hataki kusikia."

"Sasa nieleze kama unamweleza mtu aliyefeli bayolojia. Kwa maana nilifeli."

Janice akavuta pumzi. "Jeni ni kama kitabu kirefu cha maagizo. Kila mtu kitabu chake kina makosa ya herufi hapa na pale. Makosa mengine hayana neno. Mengine tunajua yanaleta saratani. Na mengine hatujui, hayajaonekana kwa watu wa kutosha. Lile la Nusaiba ni la fungu hilo la tatu. Niliandika hivyo hivyo, kwamba hatujui."

"Daktari akasema ni saratani."

"Akasema familia inatosha. Dada amekufa na saratani ya titi akiwa kijana, basi kosa hilo ndilo. Nikamwambia, kama ndilo, dada naye atakuwa nalo, tumpime. Ndipo kipande kikaletwa. Na kumbe daktari hakungoja, akaenda akakata."

"Na Barke hana."

"Hana kabisa. Ana kosa jingine, na hilo lake ni baya, linajulikana dunia nzima. Ndilo lililomuua. Sasa Sajini, mtu akiwa na kosa kama hilo, ndugu yake wa damu ana nusu kwa nusu ya kuwa nalo. Nusaiba hana. Pengine alibahatika, kwa ndugu hutokea. Lakini lile alilo nalo yeye halina ushahidi wowote sasa. Anaweza kuwa mzima kama wewe na mimi. Nimepiga simu kliniki nikachoka, naambiwa daktari yuko thieta."

"Kwa hivyo 'hatujui' yako..."

"'Hatujui' haimaanishi 'kata'!" Janice akapaza sauti. "Sijui nimwandikie kwa lugha gani!"

Kanze akakata simu. Sampuli haikubadilishwa, hilo limekwisha. Lakini daktari bado ana mlango wa kutokea. Atasema dada ni dada, saratani iko kwenye familia, kama si kosa hili ni jingine ambalo maabara haijaliona. Akisema hivyo Nusaiba ataamini, na atalala kwenye kile kitanda mwenyewe. Polisi hawezi kumzuia mtu mzima kupasuliwa kwa kutaka kwake. Inabidi aende na kitu kisichojibika.

Akaingia garini, akaelekea Mtopanga.

Mamake Nusaiba, Bi Mwanarehema, alikuwa chumba cha mbele anachambua mchele. Mahfudh, mkwewe, alikuwa anazunguka pale ndani. Kliniki wamemfukuza asubuhi baada ya kumpiga Kyalo, na mkono aliompigia umefura.

"Hodi hapa. Shikamoo Bi."

"Marahaba mwanangu. Ndoo, keti tini. Wambaje?"

"Salama, Bi."

"Salama gani?" Mahfudh akadakia. "Yule mwizi ameshasema?"

"Yule si mwizi. Na wewe una kesi ya kupiga mtu, itangoja. Keti."

Mahfudh akakaa.

Kanze alikuwa anatazama sakafu. Pale dirishani, kwenye saruji, palikuwa na alama nne za miguu ya chuma, na katikati sakafu inang'aa kwa kusuguliwa na nyayo za mtu mwaka nenda mwaka rudi.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Cherehani ya Barke, Mungu amrehemu. Alikuwa akishona buibui za mtaa mzima."

"Mmeiuza?" Alikuwa anafikiria gharama za Nyali, na kama kuna mtu mle ndani aliyetafuta pesa za kumhonga mtu.

Bi Mwanarehema akaweka ungo chini. Aliudhika kwelikweli. "Tuuze kitu cha marehemu? Wallahi mwanangu, watuona sisi watu gani? Imekwenda Likoni, kwa mwenyewe. Kwa Mwanakombo."

"Afande," Mahfudh akasema, "mke wangu anaenda kupasuliwa na wewe unauliza cherehani!"

"Ningoje. Bi, hawa wasichana wako, nani mkubwa?"

"Barke. Barke ni wa Ramadhani, Nusaiba ni wa Mfunguo Tatu, mwezi wa hija. Mwaka mmoja wote wawili. Wamekua pamoja, chuo cha Korani pamoja, ukimchapa mmoja walia wote."

Sasa Kanze si Mwislamu, miezi ile haijui vizuri. "Huo Mfunguo Tatu unakuja lini baada ya Ramadhani?"

"Ni pale pale," Mahfudh akasema. "Ramadhani ikiisha ni Mfunguo Mosi, Pili, Tatu. Basi."

Kanze akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena. Kisha sauti yake ikashuka.

"Bi. Ulizaa mtoto, halafu miezi mitatu baadaye ukazaa mwingine?"

Yule mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Mimi kuku? Nani kakwambia nalimzaa Barke?"

Kanze akamgeukia Mahfudh. Mahfudh hakushtuka. Hilo ndilo lililomwasha Kanze moto, kwamba Mahfudh naye hakushtuka hata kidogo.

"Wewe ulijua?"

"Nijue nini? Kwani kuna siri hapa? Wamenyonya ziwa moja. Ni dada yake. Afande, Barke ni shemeji yangu kisheria, hata ningetaka kumuoa juu ya Nusaiba ni haramu. Kaka zake Nusaiba ndio walioingia kaburini kumlaza. Sasa huyo si dada ni nani?"

"Mamake Barke alikuwa jirani yetu hapa," Bi Mwanarehema akasema, kicheko kimeshamtoka. "Alipojifungua, ziwa lake moja lilikuwa gumu kama jiwe. Likitoa usaha. Sisi tukisema jipu. Mtoto akilishwa uji mwepesi, mbavu zahesabika. Mimi nlipojifungua Nusaiba nikawachukua wote, kulia huyu, kushoto huyu. Mamake hakufika mwaka. Sikumtenga yule mtoto hata siku moja."

"Na Mwanakombo wa Likoni?"

"Nduguye Barke, tumbo moja baba mmoja. Yeye alichukuliwa na nyanyake."

"Ndiyo maana cherehani..."

"Mirathi huenda kwa damu," Mahfudh akamweleza polepole, kama anamfundisha mtoto. "Kunyonya kunakataza ndoa. Hakurithishi."

Alipolisema hilo mwenyewe, ndipo akalisikia. Akamtazama mkwewe. Mkwewe akamtazama Kanze.

"Kliniki walikuuliza, Bi?"

"Yule msichana aliniuliza, mama una watoto wangapi wa kike? Nikamwambia wawili. Akaniuliza, aliyekufa kafa na nini? Nikamwambia ziwa. Akaandika."

"Hakukuuliza kama umemzaa?"

"Mwanangu, mtu huulizwa hivyo?" Akausukuma ungo kando. "Yule ni mwanangu. Ningesema si wangu, na kaburi lake halijakauka? Sasa... sasa Nusaiba amekatwa kwa nini?"

Kanze alishafika mlangoni. "Mahfudh, twende. Ukimgusa mtu yeyote kule nakutia pingu. Bi, hukukosea kitu. Unanisikia? Waliopaswa kuuliza ni wao."

Pale kliniki, kwenye meza ya mapokezi, alikuwapo Dorothy, yule msichana wa kuandika historia za wagonjwa. Kanze hakumsalimu.

"Ukoo wa Nusaiba uliuchora wewe?"

"Niliandika nilichoambiwa, madam." Dorothy akamwona Mahfudh, akarudi nyuma hatua. "Mimi ni mtu wa bara, mambo ya hapa mengine siyajui. Nilimwambia daktari, hawa ni watu wa kwenu, zungumza na huyo mama mwenyewe tuhakikishe. Akaniambia hana wakati wa hadithi za mabibi."

"Yuko wapi?"

Dorothy akaonyesha kwa kidevu.

Daktari Mohdhar alitoka akiwa na nguo zake za kijani, kofia kichwani, mikono imenyanyuliwa isiguse kitu. Mtu mtanashati, ndevu zimepangwa.

"Sajini, hapa huingii. Nina mgonjwa ndani."

"Amelala?"

"Bado. Dakika chache."

"Basi tuna dakika chache. Kyalo alibadilisha nini?"

"Nilishaandika. Chupa ya damu."

"Sampuli ilikuwa nta. Na namba iko kwenye nta. Umemtia mtu ndani kwa kitu ambacho hukukiona, na umewadanganya polisi. Hilo tutalirudia. Daktari, wewe ni wa wapi?"

"Linahusu nini hilo?"

"Jibu."

"Kuze. Mji wa Kale."

"Hapo Kuze uliponyonya, ulinyonya na nani?"

Mikono ya daktari iliyonyanyuliwa ikashuka kidogo.

"Nakuuliza daktari. Una ndugu wa kunyonya?"

"Kila mtu kwetu anaye."

"Jina lake?"

"Sajini, mimi..."

"Watu wakikuuliza ndugu zako, humhesabu?"

"Namhesabu."

"Namhesabu!" Kanze akasogea mpaka pua yake ikawa chini ya kidevu cha yule bwana. "Dorothy mtu wa bara hajui, nitamsamehe. Mimi Mgiriama, imebidi nihesabu kwa vidole. Wewe mwana wa Kuze! Umesoma 'dada', ukajua kwenu dada anaweza kuwa wa maziwa, na hukunyanyua simu? Neno moja tu, Bi, umemzaa? Maabara ikakuandikia hatujui, ukasoma kata."

"Saratani haina adabu, Sajini. Kinga ni bora. Hata kama historia ina dosari, ile kasoro ipo, na mimi siwezi kungoja mpaka..."

"Barke si dada yangu?"

Wote wakageuka. Nusaiba alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, na gauni la kijani la mgonjwa, kifua sawa kama ukuta, mkononi sindano ya dripu imebandikwa kwa plasta. Nesi nyuma yake anajaribu kumrudisha.

"Afande, nakuuliza wewe. Usiniambie Barke si dada yangu."

"Ni dada yako," Kanze akasema. "Hilo simnyang'anyi mtu. Lakini ugonjwa wake aliutoa kwa mamake aliyemzaa. Wewe hukuutoa huko. Wewe na yeye mlikutana kwa mamako, kwenye maziwa, na ugonjwa huu haupiti kwenye maziwa."

Mahfudh akataka kumwendea, Nusaiba akamzuia kwa kiganja.

"Na hicho mlichokiona kwangu?"

"Hawajui ni kitu gani. Pengine si kitu. Ukitoka hapa utakwenda kwa Janice, Changamwe, akueleze mwenyewe, na usimwamini mtu mwingine mpaka umsikie."

Yule mwanamke akainamisha macho kwenye kifua chake. Akabandua plasta taratibu, akachomoa sindano, damu ikachirizika mpaka kwenye kiganja. Akamwendea daktari, akamshika ile nguo ya kijani, pale kifuani, akaikunja ngumini mpaka damu ikaingia kwenye kitambaa.

"Nirudishie."

Daktari akajaribu kujivuta nyuma.

"Nirudishie, daktari. Yote mawili. Nakungoja."

Hakupiga kelele. Dorothy ndiye aliyeanza kulia, kule kwenye meza. Mahfudh akavua koti lake, akamfunika mkewe mabegani, safari hii hakuzuiwa.

Kanze akampigia konstebo wa kituoni. "Mfungulie Kyalo. Sasa hivi. Na pikipiki yake umpe. Selo hiyo hiyo ipige ufagio, kuna mtu namleta." Akamtazama Mohdhar. "Vua kofia."

"Kwa kosa gani?"

"Tutaanza na la kudanganya polisi. Mengine wenzako madaktari watanisaidia kuyataja. Twende."

Alikuwa ameshamfikisha kwenye ngazi aliposimama ghafla, daktari akamgonga mgongoni. Maneno ya Janice. Ndugu wa damu, nusu kwa nusu. Lile kosa baya, linalojulikana dunia nzima, halikuwahi kuwa Mtopanga.

"Daktari. Tangu Barke afe, kuna mtu kutoka kliniki hii aliyemtafuta ndugu yake mwingine yeyote?"

"Ndugu gani mwingine?"

Kanze akageuka akapaza sauti, na ilipopanda hivyo wote waliruka. "Nusaiba! Namba ya Mwanakombo!"

Simu ililia sana. Ikapokelewa katikati ya kelele, mtambo unakwenda trrr, trrr, mtu anakanyaga kwa haraka, ana kazi ya watu ya kumaliza.

"Haloo?"

"Bi Mwanakombo? Ni Sajini Kanze, wa upelelezi, Kisauni. Marehemu Barke alikuwa ndugu yako?"

"Ndiye. Mdogo wangu." Trrr, trrr. "Kuna nini tena?"

"Kuna mtu yeyote wa hospitali amewahi kukuita, akakwambia uje upimwe?"

"Mimi?" Akacheka, uzi mdomoni. "Niitwe kwa nini, sajini? Mimi mzima. Kauvimbe tu hapa ubavuni mwa ziwa, nimekawekea habasoda. Sina wakati wa hospitali, nina buibui za harusi."

Trrr, trrr.

"Dada," Kanze akasema, "acha kushona."

Cherehani ikanyamaza.